Nyuzi zinazojua kuachia

Kiswahili kinanichezea kila ninapotaka kueleza kazi yangu. Nikisema nyuzi, mtu anafikiria cherehani. Nikisema nyuzi 1,200, anajua nazungumzia joto. Nami kazi yangu ni kuchukua nyuzi, zile za kusokotwa, na kuzitia katika nyuzi 1,200, zile za kipimajoto, nione zitavumilia saa ngapi. Basi tukubaliane mapema: humu nyuzi ni za kushika mkononi, na joto nitalihesabu kwa digrii Selsiasi. La sivyo mimi mwenyewe nitapotea kabla ya aya ya tatu.

Ninachotengeneza ni kompositi ya kauri, yaani kauri iliyotiwa nyuzi ndani yake. Mwili wake ni kabaidi ya silikoni, muungano wa silikoni na kaboni, na nyuzi zilizomo ndani yake ni za kabaidi hiyohiyo ya silikoni. Wanaosikia hivyo huniuliza swali la haki kabisa: kama vyote viwili ni kitu kimoja, nyuzi za nini? Udongo wa kujengea ukichanganywa na majani makavu tunaelewa, maana udongo una lake na majani yana lake. Hapa ni kama kutia udongo ndani ya udongo. Siku za mwanzo nilijiuliza hivyohivyo, na jibu nililipata kwa kuvunja sahani iliyonichukua wiki sita kuitengeneza.

Kwanza kwa nini tunahangaika. Kabaidi ya silikoni ukiipasha hadi digrii 2,000 bado ni kitu kigumu. Aloi za nikeli zinazofanya kazi ndani ya injini za ndege huanza kuyeyuka kwenye digrii 1,300 na kitu, ndiyo maana mapanga ya turbini hutobolewa vitundu vya kupitishia hewa ya kuyapoza. Kauri haitaki kubembelezwa kiasi hicho. Tena ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ya aloi ya nikeli ina zaidi ya gramu 8, ya kompositi hizi haifiki 3. Tangu 2016 injini za ndege za LEAP zinaruka na abiria zikiwa na vipande vya kompositi ya namna hii, vimepangwa kama pete kuzunguka ncha za mapanga ya hatua ya kwanza ya turbini.

Ila kauri tupu ina ugonjwa mmoja: haitoi taarifa. Chuma kikizidiwa kitapinda, kitavutika, kitakupa muda wa kuzima mashine. Kauri hukaa kimya imenyooka, halafu ghafla una vipande viwili. Hakuna anayetaka kukaa kwenye kiti cha ndege juu ya kitu cha tabia hiyo. Nyuzi zinatiwa kwa ajili hiyo tu. Kuongeza nguvu si hoja kubwa. Hoja ni kuiondolea kauri ule ujeuri wa kuvunjika bila kuaga.

Sasa ile sahani. Nilikuwa mpya maabara na nilikuwa na haraka. Kitambaa cha nyuzi kilikuwapo, resini, ile polima inayogeuka kauri ikichomwa, ilikuwapo, tanuri kubwa lilikuwa na nafasi. Kilichokosekana ni zamu kwenye tanuri dogo la kupaka, lile la kuzivika nyuzi ngozi nyembamba ya nitridi ya boroni kabla ya kuzifungia ndani ya kauri. Foleni yake ilikuwa ya miezi miwili. Nikafanya hesabu ya mtu asiyejua: ngozi yenyewe ni nusu ya mikromita, unyuzi mmoja una unene wa mikromita 12 hivi, unywele wa kichwani una kama 70. Nusu mikromita itanifanya nini? Nikaruka hatua hiyo.

Sahani ilitoka nzuri ajabu. Nyeusi, imenyooka, ukiigonga kwa kucha inalia kama kengele ndogo. Nikakata vipande, nikabana cha kwanza kwenye mashine ya kuvutia, nikaanza. Mstari kwenye skrini ukapanda umenyooka kama rula, nikawa natabasamu. Kwenye megapaskali 70, kipimo cha nguvu ya kuvuta kwa eneo la kipande, ukasikika mlio mmoja mkavu, mstari ukaanguka hadi sifuri, basi.

Mzee wetu wa tanuri, fundi aliyekuwa akiyachoma makaa ya elektrodi na kauri kabla sijazaliwa, alivichukua vile vipande viwili akaviunganisha mahali vilipokatika. Vilikaa kama havikuwahi kuachana. Akavitenganisha, akaviunganisha tena, akanirudishia. "Mwanangu, hii si kompositi," akasema. "Hii ni glasi iliyochukua muda mrefu."

Chini ya hadubini ya elektroni niliona alichomaanisha. Uso wa mvunjiko ulikuwa bapa. Nyuzinyuzi zote zilikatika usawa mmoja na kauri iliyozizunguka, kama magogo yaliyopitiwa na msumeno mmoja. Ufa ulikuwa umetoka upande huu ukafika upande ule bila hata kujua kwamba njiani kulikuwa na nyuzi.

Na ndivyo ilivyo. Ufa haujui majina ya vitu, unajua tu mahali palipo dhaifu na mahali palipo imara. Unyuzi ukiwa umeshikamana sawasawa na kauri inayouzunguka, kwa ufa hicho ni kitu kimoja, na unapita humo kama unavyopita penginepo. Ile ngozi ya nusu mikromita inawekwa ili iwe dhaifu kwa makusudi. Ufa ukifika pale unakuta njia nyepesi ya kukata kona, unageuka kufuata ubavu wa unyuzi, na unyuzi wenyewe unabaki mzima umevuka ufa kama daraja. Sasa ukitaka kuvipanua vipande viwili vya kauri lazima uvute madaraja maelfu kwa maelfu. Mengine yanakatika ndani zaidi, kisha yanachomoka polepole yakisuguana na kuta za tundu lake, na msuguano huo ndio unaokula nguvu. Maabara kwetu ngozi ile tunaiita utelezi. Ukimwuliza mtu "utelezi umepima kiasi gani?" hakuna anayeangalia sakafu.

Kwa hiyo jibu la lile swali la udongo ndani ya udongo ni kwamba nyuzi na mwili vinaweza kuwa kitu kimoja, mradi katikati yake kuwe na kitu cha tatu kinachojua kuachia. Utelezi ukiachia mapema mno, mwili na nyuzi havisaidiani kubeba mzigo. Ukikatalia, una glasi. Nimekaa miaka kadhaa sasa kwenye nafasi iliyo kati ya hayo mawili, na bado naiona pana.

Nilirudi kwenye foleni kama mtoto aliyeadhibiwa, nikasubiri miezi yangu miwili.

Tanuri la kupaka ni mrija tu wenye joto, lakini lina hila. Unapitisha gesi mbili, kloridi ya boroni na amonia, katika shinikizo la chini. Zikikutana karibu na nyuzi zilizo moto zinaacha nitridi ya boroni juu yake. Zikikutana mahali pasipo moto wa kutosha, zinaacha vitu vingine. Mara yangu ya pili pampu ilianza kukoroma, kisha ikanyamaza. Tulipofungua bomba la kutokea tulikuta limejaa unga mweupe kama wa chaki, kloridi ya amonia, umegandamana hata kidole hakipiti. Mtego wa baridi wa kuudaka nilikuwa nimesahau kuusafisha. Siku nzima nikasugua mabomba, nimevaa kinyago, macho yananiwasha, huku Mzee akipita kila baada ya saa moja kuuliza kama nimeona kitu kipya.

Nyuzi zenyewe sizitengenezi mimi, zinakuja kwenye vigurudumu, na kila nikizishika nastaajabu kwamba kauri inaweza kufungwa fundo. Uzi mmoja ni fungu la nyuzinyuzi 500. Asili yake ni Japani: mwaka 1975 Seishi Yajima na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku walionyesha kwamba unaweza kuchukua polima yenye silikoni na kaboni, ukaivuta iwe uzi kama unavyovuta nailoni, kisha ukaichoma mpaka polima ife na ibaki kauri. Nyuzi za kizazi cha kwanza, zilizouzwa kwa jina la Nicalon, zilikuwa na oksijeni nyingi ndani, na zikipita digrii 1,200 hivi zilianza kuharibika zenyewe, zikitoa gesi kana kwamba zinapumua. Baadaye wakaacha kuziimarisha kwa hewa wakatumia miale ya elektroni, oksijeni ikapungua sana, na ndipo zikapatikana Hi-Nicalon na nduguye wa Type S ambaye karibu ni kabaidi safi. Zinakuja zimepakwa gundi ya kuzilinda zisichakae kwenye kufuma. Gundi hiyo lazima iondoke kabla ya kupaka utelezi, na ikishaondoka kitambaa kinakuwa kama nywele zilizooshwa: kila unyuzi unataka kwenda kwake. Vikatikavyo vinachoma ngozi, huvioni lakini unavisikia jioni ukikunja shati.

Kujaza mwili wa kauri kati ya nyuzi kuna njia tatu kubwa. Ya gesi, aliyoiendeleza Roger Naslain na wenzake huko Bordeaux tangu miaka ya 1970, hupitisha mvuke wenye silikoni na kaboni ndani ya kitambaa kwenye digrii kama 1,000, na kabaidi inajijenga juu ya kila unyuzi molekuli kwa molekuli. Inatoa kauri safi kuliko zote, ila huenda kwa wiki nyingi, na ukiharakisha inaziba mlango kabla ya kujaza chumba. Ya pili ni kumwaga silikoni iliyoyeyuka, zaidi ya digrii 1,414, ikaingia yenyewe kama mafuta kwenye utambi. Inamaliza kazi kwa saa chache na haiachi vitundu vingi, lakini inabakiza silikoni isiyotumika ndani, na silikoni ni kama maji: ikiganda inatanuka. Nimewahi kuona sahani ya jirani zetu imetokwa na matone ya fedha pande zote, kama iliyotoka jasho.

Mimi natumia ya tatu, ya resini, kwa sababu ndiyo ninayoimudu. Unapanga tabaka za kitambaa, kwangu ni 8, unazilowesha na polima ileile ya ukoo wa Yajima chini ya vakyumu ili hewa itoke, unazibana, unazipasha. Kati ya digrii 200 na 400 resini inagandamana. Kisha unapanda mpaka 1,100 ndani ya gesi ya arigoni, na resini inageuka kauri. Uzuri wote umeishia hapo. Resini ina densiti karibu na ya maji, kauri inayobaki ni nzito zaidi ya mara mbili, na sehemu ya uzito imeondoka kama gesi. Kwa hiyo inasinyaa vibaya sana. Unachotoa tanurini mara ya kwanza ni kitu chenye mapengo na nyufa kila mahali, ambacho ungeona aibu kumwonyesha mtu. Unakilowesha tena, unachoma tena. Na tena. Mara 7, mara 8. Nina daftari lenye safu moja tu ya namba: uzito kila baada ya mzunguko. Mwanzoni unaruka, baadaye unatambaa, na siku ongezeko likiwa chini ya asilimia moja unasimama, kwa sababu milango imeziba na resini haina pa kuingilia, ingawa ndani bado kuna vitundu.

Daftari hilo lina ukurasa mmoja wenye mstari mwekundu. Ilikuwa mzunguko wa pili, Ijumaa. Ratiba ilisema nipande digrii moja kwa dakika. Kutoka digrii za chumbani hadi 1,100 ni saa 18 na ushee, na nilitaka kuiona imeanza kupoa kabla ya kwenda nyumbani Jumamosi. Nikaweka digrii 10 kwa dakika. Gesi ambayo ilipaswa kupenya taratibu kwenye vitundu ilitaka kutoka yote kwa pamoja, ikatafuta mlango, haikuupata, ikautengeneza. Jumatatu nilikuta tabaka zimeachana, sahani imefunguka ubavuni kama daftari lililolowa maji. Mzee hakusema neno. Alichukua kalamu nyekundu.

Sahani ya kwanza yenye utelezi ilipokuwa tayari sikuthubutu kuigonga kwa kucha. Niliikata kwa msumeno wa almasi, polepole, maji yakitiririka, nikapima densiti yake kwa njia ya Arkimedi: kavu, iliyoshiba maji, na iliyoning'inia majini. Vitundu vilikuwa kama asilimia 8. Nikabandika vibati vya alumini kwenye ncha ili taya za mashine zisiitafune.

Kuhusu hizo taya nina neno, maana zilininyima matokeo ya miezi miwili bila mimi kujua. Kuvuta kipande cha kauri kunaonekana kazi ya mtoto: shika juu, shika chini, vuta. Lakini taya ya juu ikiwa imepishana na ya chini kwa sehemu ndogo ya milimita, kipande hakivutwi, kinavutwa na kupindwa. Chuma kitakusamehe, kitajinyoosha kidogo na kugawana mzigo. Kauri haisamehi, inavunjika upande uliozidiwa na kukupa namba ndogo, nawe utailaumu resini, utalaumu nyuzi, utalaumu kila kitu isipokuwa bolti nne za taya. Siku hizi nabandika vipimo vya mnyooko, vinavyosoma kipande kimerefuka kiasi gani, pande zote za kipande cha chuma cha majaribio, natazama kama vinasema namba zinazofanana, ndipo naanza. Nikisoma ripoti ya mtu iliyojaa nguvu za mvuto lakini haisemi kitu kuhusu mpangilio wa taya, naiweka pembeni kwa heshima.

Jaribio lenyewe sasa. Nilikuwa nimeweka vihisi viwili vya sauti kwenye ncha za kipande, vile vinavyosikia mipasuko ambayo sikio halisikii. Mzigo ukapanda. Megapaskali 50, kimya. 70, pale mwenzake alipofia, kimya. Kwenye 90 hivi zikaanza: nukta moja kwenye skrini, nukta mbili, kisha mvua. Kila nukta ni ufa mdogo unaozaliwa kwenye mwili wa kauri, na mstari ambao ulikuwa umenyooka ukaanza kupiga goti. Unapinda lakini unaendelea kupanda. Kauri ilikuwa imepasuka mahali mia na bado inabeba. Nikapunguza mzigo, mstari ukarudi kwa njia nyingine. Nikapandisha, ukachora kitanzi chembamba. Kitanzi hicho ni msuguano wa nyuzi zinazoteleza ndani ya mashimo yake, unauona kwa macho kana kwamba kuna mtu anakuchorea. Nilirudia vitanzi vitano, zaidi ya ilivyohitajika, kwa raha tu.

Ilivunjika kwenye megapaskali 230, baada ya kurefuka kama nusu ya asilimia. Nusu ya asilimia kwa mtu wa chuma ni kichekesho. Kwangu ilikuwa mara nyingi kuliko ile glasi. Na haikulia mlio mmoja. Ilichakarika, kama kijiti kibichi kinachokataa kukatika. Vipande viwili vilikuwa na ndevu. Nyuzinyuzi zimechomoza nusu milimita, nyingine zaidi, na pembeni yake mashimo matupu zilikochomoka. Nilimpelekea Mzee. Akajaribu kuviunganisha, ndevu zikakataa kuingia mahali pake. "Haya," akasema, akanirudishia. Kwa mtu wa maneno machache kama yule, hiyo ni hotuba.

Ningeweza kuishia hapo kama kazi yangu ingekuwa ya joto la chumbani.

Kwenye joto kila kitu kinaanza upya. Jambo la kwanza lililonifundisha adabu ni themokapo, kipimajoto cha nyaya mbili. Nilitumia ya platini, maana kwenye digrii 1,200 saa kwa saa zile za bei nafuu haziaminiki. Nikaifunga moja kwa moja kwenye kipande ili ipime joto lake halisi. Ilisoma vizuri siku ya kwanza, siku ya pili ikaanza kuteremka yenyewe, na ya tatu ikakatika. Platini na silikoni zikigusana kwenye moto zinaungana na kuwa kitu kinachoyeyuka mapema, kwa hiyo kipande changu kilikuwa kinamla mpimaji wake. Sasa naiacha karibu bila kugusa, ndani ya mrija mwembamba wa alumina, yaani oksidi ya alumini, na kuna hesabu ya kurekebisha tofauti. Jambo hili linajulikana kwa kila mtu wa kazi hii isipokuwa anayeanza.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi. Tanuri la kwenye mashine ya kuvutia ni fupi, linazunguka katikati ya kipande tu. Taya ziko nje, zinapozwa kwa maji. Katikati ni 1,200, kwenye taya ni joto la mkono, na kati yake joto linashuka kama ngazi. Niliacha kipande kimebeba mzigo wa wastani, mkubwa kidogo kuliko ule wa kuzalisha nyufa, hewani. Kilikaa saa 31 kikavunjika. Kikavunjika nje ya sehemu ya moto! Nikaamini taya zimenifanyia tena. Nikapanga upya, nikarudia, kikavunjika mahali palepale, kama sentimita mbili juu ya ukingo wa tanuri. Cha tatu, vilevile. Nikachukua themokapo nikaiteremsha taratibu ubavuni mpaka ikafika usawa wa mvunjiko. Ilisoma digrii 740.

Ilibidi nikae chini. Sehemu iliyopikwa kwa 1,200 ilikuwa salama, na sehemu iliyopata moto nusu ndiyo iliyokufa.

Sababu ikishaelezwa inaonekana rahisi. Kipande kina nyufa, hewa inaingia. Kwenye digrii 1,200 kabaidi inaungana na oksijeni haraka, inazaa ngozi ya silika, kioo, na kioo hicho kinavimba ndani ya ufa mpaka unaziba. Mlango umefungwa, utelezi ndani uko salama. Kwenye 700 na kitu silika inazaliwa polepole mno, ufa unabaki wazi, lakini nitridi ya boroni haisubiri: inageuka oksidi ya boroni, ambayo imeshayeyuka tangu 450, na ikikutana na mvuke wa maji uliomo hewani inapeperuka nao. Utelezi unaliwa kutoka nje kwenda ndani. Pengo lililobaki linajaa kioo pole kwa pole, na kioo kinaunganisha unyuzi na mwili wake kama kulehemu. Tumerudi kwenye sahani yangu ya kwanza, safari hii bila mimi kuruka hatua yoyote. Utelezi wa kaboni ungekuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu kaboni huanza kuungua kwenye digrii 400 au 500 na haiachi hata kioo.

Wenzangu wa chumba cha pili wananicheka. Wao wanatengeneza kompositi za oksidi, nyuzi za alumina za ukoo wa Nextel ndani ya mwili wa alumina, vitu ambavyo vilishaungua tangu mwanzo na oksijeni haiwatishi. Hata utelezi hawapaki. Wanauacha mwili uwe na vitundu vingi kiasi kwamba ufa unapotea humohumo. Ni ujanja ninaouheshimu. Ila ukikaa muda mrefu juu ya digrii 1,200 vitundu vyao vinaanza kujifunga, nyuzi zinatambaa, yaani zinarefuka polepole chini ya mzigo, na hapo huwa ni zamu yangu ya kucheka.

Tena hata ile silika inayonilinda si rafiki wa kudumu. Ndani ya injini mna mvuke mwingi wa maji unaotokana na kuungua kwa mafuta, nao unaigeuza silika kuwa gesi ya hidroksidi ya silikoni inayoondoka na upepo, kisha kabaidi inazaa nyingine, nayo inaondoka, na kipande kinakonda. Ndiyo maana vinavyoruka hupakwa koti la nje, mara nyingi silikati ya iterbiamu juu ya tabaka la silikoni. Mimi sina tanuri la mvuke, kwa hiyo naligusia na kupita.

Tangu siku ile ya 740, jaribio langu kuu ni lile ambalo zamani niliona halina maana: naweka kipande chote, kuanzia taya hadi taya, kwenye digrii 800, chini ya mzigo, saa 100, halafu nakivuta kikiwa baridi nione kimebakiwa na nini. Wageni wanaotembelea maabara huuliza kwa nini tanuri la 1,500 nimelipasha nusu tu.

Mwezi uliopita kimoja kilimaliza saa zake 100. Nilikivuta kikatoa megapaskali 150. Nilikiweka kwenye hadubini na picha ilikuwa kama ramani ya kisiwa. Katikati ndevu, ndefu, za kupendeza. Kuzunguka ukingo, bapa, kioo, kila unyuzi umekatika usawa mmoja na mwili. Juu na chini ukanda huo bapa ulikuwa mwembamba kama mstari wa kalamu. Pembeni, kwenye zile pande mbili nilizokata kwa msumeno, ulifika karibu nusu milimita ndani.

Nilimwonyesha Mzee ile picha, nikamwelezea oksidi ya boroni, mvuke, kioo, kasi ya hewa kwenye vitundu. Alisikiliza yote. Kisha akaweka kidole kwenye ukingo mnene.

"Hapa ulikata?"

"Nilikata."

"Ukakata ukiwa umeshamaliza kuichoma."

"Ndiyo, nikimaliza ndiyo nakata."

"Kwa nini usikate kabla hujamaliza?"

Nikamtazama. Nimeikata sahani ikiwa imetimiza mizunguko yake yote 8, nikafungua mlango kwa kila unyuzi uliopita kwenye mstari wa msumeno, kisha nikashangaa hewa imeingilia wapi. Ukikata kwenye mzunguko wa 6, ile miwili ya mwisho inailowesha pia mikato na kuifunika kauri.

Vipande vinane viko tanurini sasa hivi ninapoandika, mzunguko wa 7, vimekatwa tayari. Skrini inasema 640. Digrii moja kwa dakika, na sijaigusa.